Mama Akinywa, Mtoto Hunywa

Katika kazi yangu ya uuguzi hapa Mara kuna swali ninaloulizwa mara kwa mara kliniki, na hata katika kikundi chetu cha akina mama kanisani: "Sista, kikombe kimoja tu cha pombe ya ulezi kitamdhuru mtoto aliye tumboni?"

Wanaouliza si walevi. Wengi ni wake wenye heshima zao, walioambiwa na wakubwa wao kwamba pombe ya kienyeji huongeza damu na maziwa. Wengine hupika pombe ili wapate pesa za sare na madaftari, na mpishi ni lazima aonje kabla ya kuuza.

Jibu langu ni hili: hakuna kipimo cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mjamzito, iwe ya ulezi, bia, divai au gongo.

Pombe ikiingia katika damu ya mama hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Ini lake bado ni changa, haliwezi kuiondoa upesi. Wakati huo ubongo wake unajengwa. Chembe za ubongo huzaliwa mahali pamoja, kisha husafiri hadi pale zinapotakiwa kukaa, na huko huungana na wenzake. Pombe huua baadhi ya chembe hizo, nyingine huzipoteza njia, nyingine huzizuia zisiungane. Hata lile daraja la nyuzi linalounganisha upande wa kulia na wa kushoto wa ubongo laweza kuwa dogo kuliko kawaida, au lisiwepo. Hakuna dawa ya kuurudisha ubongo huo katika hali ambayo ungekuwa nayo. Tena, ubongo hukua mimba nzima, kwa hiyo hakuna mwezi ambao twaweza kusema hatari imekwisha.

Mwaka 1968 Daktari Paul Lemoine wa Ufaransa alieleza habari za watoto 127 waliozaliwa na wazazi walevi. Mwaka 1973 madaktari wa Seattle, Marekani, wakayapa madhara hayo jina. Katika Afrika, yameonekana sana Afrika Kusini, kwenye mashamba ya mizabibu ya Rasi ya Magharibi, ambako zamani vibarua walilipwa sehemu ya ujira wao kwa divai.

Baadhi ya watoto hao huzaliwa wadogo, wenye macho madogo na mdomo mwembamba wa juu. Lakini wengi hawana alama yoyote usoni. Shida huonekana shuleni: mtoto hasahau kwa makusudi, ila alichofundishwa jana leo hakipo. Hesabu humshinda, hatulii, hatambui matokeo ya tendo lake. Nasi twamwita mtukutu, twamchapa. Dada zangu, fimbo haitengenezi ubongo. Mtoto kama huyo mpe agizo moja kwa wakati mmoja, kwa maneno machache, na ratiba isiyobadilika. Mpeleke kwa mganga hospitalini achunguzwe, maana si kila mtoto mzito darasani alidhuriwa na pombe.

Je, ulikunywa kabla hujajua kuwa una mimba? Usikate tamaa. Si kila mtoto hudhurika, na kuacha leo humsaidia hata kama mimba ni ya miezi saba. Kama umezoea kunywa sana, usiache peke yako ghafla. Mweleze muuguzi akusaidie. Kwa damu, meza vidonge unavyopewa kliniki, kula dagaa wa ziwani, maharage na mchicha. Togwa kunywa ikiwa mbichi. Ikikaa na kuchacha huwa pombe. Na kama unapika pombe, mwombe mwingine akuonjee, huku ukitafuta biashara nyingine.

Waume nao wana sehemu yao. Katika Waamuzi 13, mke wa Manoa aliagizwa asinywe divai wala kileo kabla ya kumzaa Samsoni. Manoa alipouliza, malaika alimrudia agizo lile lile. Basi mumeo naye alisikie. Asikuletee chupa nyumbani, na mama yake akikuletea kibuyu, aseme yeye kwa upole: "Mama, mpaka mtoto azaliwe na aache kunyonya."