Likelemba ya siku tano



Mwezi wa pili 2025, vita ilipokaribia bonde letu, maelfu ya watu walivuka mto Ruzizi wakafika Rugombo, nchini Burundi. Wengi walilala katika uwanja wa mpira. Mimi nilikuwa kati yao.

Biashara yangu ilianza na kilo mbili za unga wa ngano, mafuta na sufuria ya kuazima. Nilikaanga mandazi. Unga wa kesho ulihitaji mtaji, na mkimbizi hakopeshwi.

Nyumbani tuna likelemba: kila mwezi wote wanatoa, mmoja anakula. Lakini Rugombo nani angengoja miezi? Watu walikuwa wakihamishwa kwenda Musenyi, huko Rutana, mbali na mpaka. Anayekula leo, kesho lori linamchukua.

Basi tukaifupisha. Tulikuwa watano: wa mandazi, ndagala, nyanya, sabuni na makaa. Kila jioni kila mmoja alitoa franka 2.000 za Burundi, mmoja akakula 10.000. Siku ya sita tukaanza upya. Mtu akiondoka bila kulipa, hasara haipiti 8.000.

Muuza sabuni alipoitwa kwenye lori, alilipa zamu zilizobaki kabla ya kupanda. Hatukumudai.

Ndugu zangu, mukifika ugenini, tafuteni kwanza watu wane munaoweza kuwaamini kwa siku tano. Kutoka hapo mutaongeza siku.