Duka la Mume na Mke, Mbele ya Mtinko

Msafiri anayetoka mjini Singida kuelekea Ilongero na Mtinko huiacha nyuma miamba mikubwa na maji ya chumvi ya maziwa ya Singidani na Kindai, kisha huingia katika nchi ya alizeti, mtama na uwele. Wakati wa mvua mashamba ya alizeti huwa manjano hadi upeo wa macho. Ifikapo Septemba hubaki vumbi, upepo na migunga. Kuku, ambao kwao jina la Singida limevuma hadi Dar es Salaam, huvuka barabara bila haraka, kana kwamba magari ndiyo wageni.

Mvua za nchi hii ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili. Jambo hilo moja hueleza mengi katika maisha ya watu wake. Mkulima hupata fedha mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno. Matumizi, kinyume chake, hayana msimu. Januari ghala limepungua, jembe linahitajika, mtoto anadaiwa sare na madaftari, na shamba bado halijatoa hata punje. Baina ya mavuno na mavuno, anayesimama ni mwenye duka.

Sisi wa kamati ya msikiti tumeipita njia hii mara kadhaa kwa shughuli za madrasa za vijijini. Katika kijiji kimoja mbele ya Mtinko, ambacho hatutakitaja ili kuwastahi wenyewe, lipo duka la mtu na mkewe ambalo tumekuwa tukipumzika barazani pake. Tunaona lina la kuzifunza familia zetu.

Duka lenyewe ni chumba kimoja chenye dirisha la mbao, paa la bati na kipande cha sola juu yake. Ndani mna chumvi, sukari ya kupima, sabuni ya mche, viberiti, majani ya chai, betri, kamba, misumari, majembe, kalamu na mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa wilayani humo humo. Hufunguliwa baada ya sala ya Alfajiri, kwa kuwa wanaokwenda shamba hununua mapema. Mume hwenda mjini kufuata bidhaa, na siku ya mnada hubeba sehemu ya mali hadi uwanjani. Siku nyingine zote mauzo yamo mikononi mwa mkewe. Yeye ndiye anayejua nyumba ipi ina mgonjwa, ipi imepata ugeni, na mtoto yupi ametumwa robo ya sukari bila fedha mkononi.

Sigara hawauzi. Pombe za viroba hawakuziuza hata kabla Serikali haijazipiga marufuku mwezi Machi 2017, ingawa wakati huo wapo waliowacheka kwamba wanaikimbia faida. Mizani yao huhakikiwa na Wakala wa Vipimo, na huwekwa dirishani ili mnunuzi aione kwa macho yake. Wanaponunua alizeti kwa wakulima hupima kwa kilo, wala hawapokei lumbesa, lile gunia lililoshonewa kichwa juu ya kichwa ambalo limewapunja wakulima wengi wa alizeti na vitunguu. Msomaji anayeijua Suratul Mutaffifin hahitaji kuelezwa kwa nini.

Wazee wa kijiji wanakumbuka kwamba duka la mtu binafsi halikuwa jambo la kawaida sikuzote. Mwaka 1976 ilipita Operesheni Maduka, iliyotaka maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe na nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Maduka mapya mengi hayakuwa na mtaji wala uzoefu, na haikuchukua muda utekelezaji ukalegezwa. Kisha ikaja Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na baada yake miaka ya uhaba, ambapo sabuni na sukari vilikuwa vitu vya kupangiwa foleni. Tangu biashara ilipoanza kulegezewa masharti katikati ya miaka ya 1980, dirisha la mbao lilirudi vijijini. Mzee mmoja alituambia barazani hapo, "Duka likiwa mbali, chumvi yenyewe huwa safari."

Mtihani mkubwa wa duka hili ni daftari. Limeandikwa kwa mwandiko wa mke: jina, kitu, kiasi, tarehe na siku ya kulipa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu jambo hili hili la kuandikiana deni la muda maalumu na kuweka mashahidi. Aya ya 280, isiyo mbali nayo, inataka mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula. Mwenye duka huishi baina ya aya hizo mbili: aandike kwa ukamilifu, na adai kwa huruma.

Miaka michache iliyopita mfanyabiashara mwenye lori aliwafuata na shauri. Atawaletea mahindi mwezi Januari, nao wawakopeshe wanakijiji debe moja walipe madebe mawili wakati wa mavuno. Mume, kwa maneno yake mwenyewe, alivutika. Rafu zilikuwa zikipwaya na watoto wawili walikuwa wakisoma sekondari. Mke alikataa. Alisema, "Baba watoto, hawa ndio watakaotuzika. Tukiwala Januari, Juni tutawatazamaje?"

Ubishi wao uliwafikisha kwa imamu, naye akawapambanulia. Kukopesha debe la mahindi ili kurudishiwa madebe mawili ya mahindi ni riba, hata kama anayekopa ameridhia. Kuuza bidhaa kwa mkopo kwa bei iliyo juu kidogo kuliko ya taslimu kumeruhusiwa na wanazuoni walio wengi, kwa sharti kwamba bei moja ikubaliwe wakati wa mauzo na isiongezwe mdaiwa akichelewa. Vilevile ipo biashara ya salam. Mnunuzi hulipa thamani yote mwanzo, na mkulima huahidi mazao ya aina, kiasi na tarehe inayojulikana. Hapo mazao hayafungwi na shamba moja maalumu, kwa sababu hakuna ajuaye kama shamba hilo litazaa.

Wakamrudisha mwenye lori. Wakaamua kukopesha bidhaa kwa bei ileile, na kila nyumba ikawekewa kikomo. Mwaka uliofuata mvua zikakatika mapema. Wengi wakashindwa kulipa, na ilipofika Agosti dukani mlibaki chumvi, sabuni na viberiti. Hapo mke akauza mbuzi wake sita, ambao asili yao ni mahari aliyopewa siku ya ndoa, na fedha zake zikaenda mjini kununua bidhaa. Mvua nzuri ya msimu uliofuata ikawarudisha wadeni mmoja mmoja. Wengine walilipa kwa fedha, wengine kwa kuku. Duka likasimama tena.

Tulipoyasikia hayo tuliuliza swali moja: wale mbuzi wameandikwa wapi? Katika daftari lililoandika hadi kiberiti cha jirani, hawakuwamo.

Swali hilo si la udadisi. Kamati za misikiti huitwa mara nyingi baada ya maziko, ndugu wa marehemu wanapokuwa wameketi barazani na mjane yuko ndani. Kila kilichomo dukani huhesabiwa kuwa mali ya marehemu kwa sababu leseni ina jina lake. Mjane huambiwa fungu lake ni thumni, kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Thumni ni haki, lakini hutolewa katika mali ya marehemu baada ya kulipwa madeni na kutekelezwa wasia. Mtaji wa mke haukuwa mali ya marehemu hata siku moja. Ama ni deni juu yake, ama ni fungu la mshirika. Kuugawa kama urithi ni kumrithisha mtu mali yake mwenyewe, tena kwa kupunguziwa. Suratun Nisaa, katika aya ya 32, imethibitisha kwamba wanaume wana fungu katika waliyochuma na wanawake wana fungu katika waliyochuma.

Sheria za nchi nazo hazikulinyamazia jambo hili. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu la mwaka 1983, lililohusu mgawanyo wa mali baada ya talaka, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Basi vipi mke aliyesimama dirishani tangu Alfajiri, na mbuzi wake wakageuka kuwa sukari na sabuni?

Mume hakukasirika, ila alisita. Alisema, "Nikiandika, watu watasema hatuaminiani." Tulimkumbusha kwamba ndugu yake wa tumbo moja yumo daftarini kwa kilo mbili za sukari, na udugu haujavunjika. Tulipomgeukia mkewe kumuuliza anataka nini, alijibu kwa sauti ya chini, "Sitaki kuonekana nagombea duka. Nataka mbuzi wangu sita wajulikane."

Waliandika siku hiyo hiyo, baada ya Adhuhuri. Ukurasa mmoja ulitosha: thamani ya mbuzi walipouzwa, mtaji wa mume ulivyokadiriwa, makubaliano kwamba wao ni washirika na namna ya kugawana faida, tarehe, na sahihi za wawili hao na za mashahidi. Nakala moja imebaki dukani, nyingine ipo kwa imamu.

Familia nyingi zinazosoma ukurasa huu zina duka, genge, mashine ya kusaga au bodaboda iliyonunuliwa kwa mikono miwili na kuandikwa kwa jina moja. Tunawanasihi wanandoa wafanye hesabu hiyo wakiwa hai na wakiwa wanapendana, kwani hapo kila mmoja huukumbuka wema wa mwenziwe bila kulazimishwa. Karatasi, kalamu na mashahidi havikosekani hata kijiji cha mbali. Tunamwomba Allah awabariki watu wa duka lile katika mizani yao, na awape wadeni wao mvua ya kutosha msimu ujao.