Enzi ya .222

Zamani mkulima wa Pennsylvania aliyetaka bunduki ya kuwapunguza kindi wakubwa wa ardhini, wale wanaochimba mashimo malishoni hadi watu wakahofia ng'ombe kuvunjika miguu, hakuhangaika kuchagua. Mwaka 1950 kampuni ya Remington ilitoa risasi ya .222 kwa ajili ya bunduki yake ya 722, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa risasi ya shamba. Kichwa chake kina uzito wa gramu 3 na ushei, nacho hutoka kwa kasi ya karibu mita 950 kwa sekunde. Haipigi bega, na mlio wake hauwakeri majirani. Hata kwenye mashindano ya kulenga shabaha kutoka mezani ilitamba hadi miaka ya 1970, ilipokuja risasi ya 6mm PPC.

Mimi nilifundishwa kulenga na mzee jirani yangu, kwa 722 yake. Kabla hajanipa risasi aliniuliza: umbali gani, upepo unatoka wapi, nyuma ya mnyama kuna nini? Nikishindwa kujibu, hatukufyatua.

Mzee hayupo tena. Bunduki imebaki kwangu, na mtutu wake umekwisha. Fundi aliingiza kamera nyembamba ndani akanionyesha: mbele kidogo ya chemba, pale michirizi inapoanzia, chuma kimepasuka nyufa nyufa kama tope la jaruba lililokauka. Ni moto wa baruti, mwaka baada ya mwaka. Mtutu mpya ni lazima.

Swali la kwanza la fundi lilikuwa: dukani kwenu kuna risasi gani? Simlaumu, lakini liliniuma. Siku hizi rafu ndiyo inayoamua. Ya .22-250 ina kitako kipana, inadai boliti nyingine. .220 Swift ya 1935 ilivuka mita 1,200 kwa sekunde, ila kwa mpigaji asiye na subira hula mtutu upesi. .204 Ruger ya 2004 ina kasi ya ajabu, na kitako chake kinaingia kwenye boliti ileile. Kichwa chake chepesi, hata hivyo, hakinivutii. Ikabaki .223, ndugu wa risasi ya jeshi la Marekani. Kitako ni kilekile, na maganda yake yamejaa kila mahali.

Hapo ndipo ninaposikitika. .222 haikushindwa shambani. .223 inaizidi kasi kidogo tu, na kwa mita 200 mkulima hapati faida yoyote ya maana. Kilichoishinda .222 ni wingi: jeshi likinunua kwa mamilioni, maganda hushuka bei, na viwanda huelekea huko. Nayo rafu si ya kutegemea. Mwaka 2020 hata .223 iliadimika.

Kwa asiyejaza risasi zake mwenyewe, .223 ndiyo chaguo la busara, wala sitabishana naye. Mimi najaza, kwa hiyo mtutu mpya utakuwa wa .222. Ganda la .223 likipitishwa kwenye kalibu na kukatwa shingo hugeuka kuwa la .222, kwa hiyo sitakosa. Nawe mwenye maganda ya .222 kabatini, usiyauze kama shaba chakavu. Kagua shingo na kitako. Yasiyo na ufa yanajazika tena.