Ati Wakamba Hatuna Wakati Ujao?

Wasee, leo nataka tubishane na profesa ambaye ameshatuacha. Hawezi kunijibu, kwa hivyo nitamtetea pia mahali anastahili.

Profesa ni John Mbiti, Mkamba mwenzangu, mzaliwa wa Kitui mwaka wa 1931. Alisoma Makerere, akafika Cambridge, akarudi Makerere kufundisha, na mwaka wa 1969 akatoa African Religions and Philosophy. Mle ndani kuna dai moja lililozua kelele: kwamba kwa fikra za jadi za Mwafrika, wakati una sehemu mbili tu, uliopita na uliopo. Ujao karibu haupo. Ushahidi? Vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu. Aliviweka kwenye jedwali, akaona namna za kutaja yajayo zinafika miezi michache, sana sana miaka miwili, halafu kimya. Na zile sehemu mbili akazipa majina ya Kiswahili: Sasa na Zamani.

Mimi kwetu ni Muthetheni, na nikisoma hiyo sehemu huwa nafikiria miembe. Ukipanda mwembe kwa kokwa, utangoja kama miaka mitano au zaidi ndio ule embe. Huyo aliyepanda alikuwa anafikiria nini kama akili yake inaishia miaka miwili?

Lakini Mbiti alishaziba hilo shimo. Alisema mambo yanayofuata mzunguko wa maumbile yanahesabika, kwa sababu lazima yatafika. Mvua itakuja, mwembe utazaa. Sawa, mwembe tuuache.

Sasa nijibu kuhusu matuta ya shambani. Ukisimama popote kwenye milima ya Machakos unayaona, ngazi juu ya ngazi. Yale tunayaita fanya juu: unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unautupa upande wa juu, na mvua baada ya mvua shamba linajisawazisha. Ni kazi ya kuvunja mgongo. Mwanzoni unapoteza kipande cha shamba kwa mtaro, na faida inakuja polepole, miaka baadaye. Hakuna maumbile yanayotupa udongo juu. Mtu ndiye anaamua.

Mtu atasema, hiyo walilazimishwa na mkoloni. Kweli kiasi. Mwaka wa 1937 afisa mmoja, Colin Maher, aliandika ripoti akiona nchi ya Wakamba inaelekea kuwa jangwa. Mwaka uliofuata serikali ikaanza kunyang'anya watu ng'ombe, ati wamezidi, na Wakamba wakatembea hadi Nairobi kulalamika wakiongozwa na Muindi Mbingu. (Ndiye huyo wa Muindi Mbingu Street. Wengi mnapita hapo kila siku na hamjawahi kujiuliza.) Na matuta ya kulazimishwa yalichukiwa vibaya. Lakini mkoloni alipoenda, watu waliendelea kuyachimba wenyewe, kwa mwethya, leo shamba la huyu, kesho la yule, na wengi wao wakiwa akina mama. Mwaka wa 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti wao: tangu miaka ya 1930 watu Machakos walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ulikuwa umepungua. Lile jangwa la Maher halikufika.

Mbiti angejibu kwamba hao walishajifunza wakati ujao kutoka shule na kanisa. Aliandika hivyo, na ni jibu zuri. Ila linamrudia. Vitenzi vya Kikamba ni vilevile. Kama watu wanaweza kupangia miaka ishirini kwa vitenzi vilevile, basi vitenzi havikuwa vinatuonyesha mwisho wa akili ya mtu. Kiswahili chenyewe kina -ta- moja, na mtu anasema "nitalipa" kwa deni la kesho na kwa mkopo wa miaka ishirini. Halafu kutoka lugha mbili za Kenya hadi Afrika nzima, manze, hiyo ni ruka kubwa. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga kwa kutumia lugha ya Kiakan, ambayo haina shida yoyote na yajayo.

Swali la kujua nimeridhika nalo. Linaloninyima usingizi ni lingine: nikishajua kesho ipo, nina deni gani kwa watu wake?

Mito yetu mingi Ukambani ni ya msimu. Mvua ikiisha, maji yanajificha ndani ya mchanga, jua haliyafikii, na watu wanafukua visima humo hadi msimu mwingine. Ukiondoa mchanga, umeondoa tangi. Na mchanga unaondoka kila siku kwa lori, unaenda kujenga majumba Nairobi, pengine hata hiyo unayosomea hii. Binamu yangu ni mmoja wa wanaopakia. Anajua kuhusu maji kuliko mimi, nyanya yake na yangu ni mmoja na yeye ndiye amemchotea tangu utotoni.

Nilimwuliza watoto watakaozaliwa watakunywa nini. Akaniangalia, akasema, "Unaniletea maneno ya watoto hawajazaliwa. Huyu wangu aliyezaliwa amefukuzwa karo Jumatatu."

Hiyo si akili isiyojua wakati ujao. Anauona vizuri kabisa. Karo ya mtoto pia ni wakati ujao, ila wenye jina na sare. Na mimi, ninayeandika haya nikiwa nyumba ya kupanga iliyojengwa kwa mchanga wa kutoka mahali fulani, nashindwa kumwambia yeye ndiye alipe deni lote la mto. Mwenye lori hajawahi kuulizwa. Mwenye jengo pia. Niambieni nyinyi, tuanze kumdai nani?