Taa ya Jikoni kwa Rais

Mama mkwe wangu ana msemo wake: mke ni wa kufuata, si wa kufuatwa. Aliurudia Desemba 2019 akinisindikiza uwanja wa ndege, begi langu limejaa dagaa, unga na pilipili ya kusaga kwa ajili ya mwanawe. Mume wangu alikuwa na mwaka wa pili Dublin, Ireland. Shahada ya pili kamaliza, na kampuni moja ya huko ilishamtaka abaki. Mimi nilikuwa na miezi mitatu tu tangu benki wanipandishe cheo. Kwa jina nilikwenda likizo ya wiki mbili. Lakini ukoo mzima ulijua nakwenda kutoa jibu.

Usiku wa tatu tulikuwa hatusemeshani. Alikuwa amesema, kwa upole kabisa, "Kazi utapata nyingine, mke wangu." Na mimi nikamjibu, bila upole, "Na wewe je, huwezi kupata nyingine?" Basi, tukalala mmoja huku, mwingine kule, na baridi la Dublin katikati.

Jumamosi asubuhi akaniletea chai kitandani. "Vaa, nikakuonyeshe Ikulu yao. Kuingia bure."

Nikacheka bila kupenda. Ikulu, bure? Kwetu ukizubaa tu karibu na geti la Ikulu utaulizwa unatafuta nini.

Kulungu mlangoni kwa Rais

Tulipanda treni ya barabarani, wenyewe wanaiita Luas, tukashuka Heuston, tukavuka mto Liffey kwa miguu. Dakika chache mbele inaanza Phoenix Park, na hapo ndipo nilipoamini kwamba watu hawa wanapenda majani. Hekta 707, zote ndani ya ukuta! Kuna bustani ya wanyama, kuna mnara wa mawe wa mita 62, na kuna kulungu wanaotembea kama wenye hati ya kiwanja. Mmoja alitutazama, akaona hatuna jipya, akaendelea kula.

Ikulu yenyewe ni jumba jeupe lenye nguzo mbele, wanaliita Áras an Uachtaráin, yaani makao ya Rais kwa Kiairishi. Lilijengwa mwaka 1751, na kwa miaka mingi walikaa humo wawakilishi wa mfalme wa Uingereza. Tangu 1938 ni la marais wa Ireland. Tulichukua tiketi kwenye kituo cha wageni, tukapakiwa kwenye basi dogo, na mara tukawa tunakanyaga mazulia ya watu wakubwa.

Nilitegemea kusikia habari za vinara vya dari. Nilichoondoka nacho ni habari za mwanamke mmoja.

Mary ni nani?

Alizaliwa Mary Bourke mwaka 1944 katika mji wa Ballina, magharibi ya nchi. Baba na mama wote madaktari, Wakatoliki safi. Akasoma sheria Trinity College, na mwaka 1969, akiwa na miaka 25 tu, akawa profesa wa sheria hapo hapo na seneta juu yake.

Huko chuoni alimpenda Nicholas Robinson, mwanafunzi mwenzake wa sheria na mchora katuni. Tatizo? Kijana ni Mprotestanti. Walipofunga ndoa mwaka 1970, wazazi wa bibi harusi hawakukanyaga kanisani. Fikiria, dada, unaingia kanisani siku yako na upande wa wazazi wako kweupe! Baadaye walipatana, lakini siku ile ilishapita.

Halafu kuna hili lililonitoa jasho kwenye baridi. Ireland, mpaka mwaka 1973, mwanamke mtumishi wa serikali akiolewa ilibidi aache kazi. Hiyo ilikuwa kanuni, na wala si maneno ya mama mkwe. Sikumtazama mume wangu, na yeye hakunitazama.

Mary aliyapinga mambo ya namna hiyo bungeni na mahakamani. Mwaka 1971 alijaribu kuwasilisha muswada wa kuruhusu vidhibiti uzazi. Wenzake hawakutaka hata usomwe, na barua za matusi zikamiminika nyumbani kwake. Baadaye alikuwa miongoni mwa mawakili wa kesi iliyofungua njia kwa wanawake kukaa kwenye baraza la wazee wa mahakama kama wanaume.

Mwaka 1990 akagombea urais. Kabla yake marais sita, wote wanaume. Kampeni zilipokaribia mwisho, waziri mmoja akasema redioni kwamba huyu mama kajifanya kuipenda familia yake juzi tu, kwa ajili ya kura. Loh! Wanawake wengi wa nchi ile walichukia, hata wasiokuwa wa upande wake. Duru ya kwanza ya kuhesabu alikuwa wa pili, lakini wenzetu hupanga wagombea kwa namba. Wa tatu alipotolewa, kura zake nyingi zilihamia kwa Mary. Akashinda. Usiku wa ushindi aliwashukuru wanawake ambao, badala ya kubembeleza kitanda cha mtoto, waliutikisa mfumo mzima.

Rais wa Ireland hana madaraka makubwa. Serikali iko kwa waziri mkuu. Lakini Mary aliujaza ule ukumbi mtupu. Oktoba 1992 alikwenda Somalia wakati wa njaa, kisha akazungumza na waandishi hapa jirani, Nairobi, sauti ikimkatika kwa uchungu. Mwaka 1994 alifika Rwanda miezi michache baada ya mauaji ya kimbari. Na mwaka 1993 alitia saini sheria ya kulegeza masharti ya vidhibiti uzazi, jambo lile lile lililomletea matusi miaka 22 kabla.

Septemba 1997 aliacha urais wiki chache kabla ya muda ili akashike haki za binadamu Umoja wa Mataifa, uamuzi ambao baadaye alikiri kuujutia. Nilipenda kusikia hivyo. Kumbe hata wao hukosea kuchagua kazi.

Ile taa

Tulitoka saa kumi jioni, na giza linaanza kuingia. Barabarani mume wangu akanishika bega. "Tazama lile dirisha la juu."

Taa moja, ya kawaida tu. Mary aliiweka kwenye dirisha la jikoni la makazi yake kwa ajili ya Waairishi wote walioondoka. Njaa kuu iliyoanza 1845 iliua watu kama milioni moja, na wengine zaidi ya milioni wakapanda meli. Waliobaki walikuwa na desturi ya kuwasha mshumaa dirishani mkesha wa Krismasi, kumkaribisha msafiri. Yeye akafanya iwe kila siku.

"Kila nikikukumbuka huwa nakuja hapa," mume wangu akasema. Miaka miwili sikujua.

Nikamwambia, "Siachi kazi." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Najua. Nipe mwaka mmoja."

Ule mwaka mmoja uligeuka karibu miwili, maana corona ilifunga viwanja vya ndege. Kila usiku niliacha taa ya jikoni ikiwaka, na mama mkwe akija anazima: "Unamaliza Luku bure!" Mwishoni mwa 2021 mume wangu alipogonga mlango saa tisa usiku, taa ilikuwa inawaka. Aliyeiwasha ni mama mkwe.

Lile jumba limeshapata akina mama wengine wawili: Mary McAleese, 1997 hadi 2011, na Catherine Connolly, aliyeapishwa Novemba 2025.

Ukitaka kwenda: Omba viza ya Ireland yenyewe, ya Schengen haifai. Pesa ni yuro. Ulizia ratiba ya ziara za Ikulu mapema. Beba koti la mvua, hata kama jua linawaka. Na kama mmegombana, nendeni jioni.