Nilimfukuza kijana wa watu, kumbe modemu ilikuwa imelala!

Wiki hii nina la kutubu. Nilimfukuza kazi kijana wa watu kwa kosa ambalo hakulitenda.

Nina kijiduka cha steshenari, fotokopi na kuchapa barua. Kila nikirudi kula mchana, nakuta modemu ya intaneti niliyochomeka kwenye laptop "imekufa". Ukiichomoa na kuichomeka tena, inafufuka. Sasa nani aliyekuwa akibaki dukani? Kijana wangu. Nikajua tu kwamba anaichomoa kwa mambo yake. "Bosi, wallahi sijaigusa," alijitetea. Nikamwambia akasimulie mbele ya safari. Akaondoka machozi yakimlenga.

Wiki iliyofuata nilishinda dukani peke yangu. Modemu ikafa vilevile! Nguvu zikaniishia.

Mpwa wangu anayesomea kompyuta alicheka. "Mjomba, mbaya wako ni draiva."

Kumbe kila kifaa cha kompyuta kina programu ya kukiendesha, ndiyo hiyo draiva. Kifaa kikikaa bila kazi, draiva hukilaza ili kuokoa umeme. Utaratibu uitwao ACPI, uliotolewa Desemba 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba, ulipanga ngazi za usingizi huo: D0 kifaa kiko macho kabisa, D3 kimezimwa. Kifaa cha USB 2.0 kikiwa kazini kinaruhusiwa kula hadi miliampia 500. Kikilala, kisizidi 2.5. Betri lazima ipumue!

Tabu iko kwenye kuamka. Kabla ya kukilaza kifaa, draiva inatakiwa iweke kumbukumbu ya mipangilio yake, kisha iirudishe kikiamka. Draiva iliyotengenezwa hovyo husahau. Ni kama dereva wa daladala anayezima injini kwenye mteremko ili abane mafuta. Akifika bondeni gari haliwaki, abiria mnashuka kusukuma.

Dawa yake haikuchukua hata dakika tano. Kwenye orodha ya vifaa, mpwa wangu aliondoa tiki inayoiruhusu kompyuta kukizima kifaa hicho ili kuokoa umeme. Hicho kimoja tu. Vingine aliviacha vilale, maana na betri nayo ina haki yake. Halafu akaweka draiva mpya.

Jioni ile nilikwenda nyumbani kwa kina kijana na mshahara wake mkononi. Mama yake alinikaribisha chai. Mwenyewe akatoka, akainamisha kichwa: "Shikamoo, bosi." Jamani, shikamoo ile iliniuma kuliko matusi. Niliomba radhi mbele ya mama yake. Akapokea, lakini kazini hakurudi. Alikwisha kupata pengine.

Basi nawe, kabla hujamwita mtu mwizi, kaa kwanza na hicho kifaa peke yako saa nzima, ukitazame kinavyofanya.