Mbiu Inapolia Pasipo Jambo



Wahenga wetu walituachia msemo kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Msemo huo umesimama juu ya mapatano ambayo hayakuandikwa popote: mwenye kupiga mbiu haipigi ovyo, naye mwenye kuisikia hakai kitako. Upande mmoja ukiyavunja mapatano, upande wa pili nao hulegea, na kijiji kizima hubaki bila ulinzi ingawa pembe bado imetundikwa ukutani. Juma hili tumependa kutafakari pamoja nanyi juu ya mbiu ya siku hizi, yaani king'ora cha wezi, kwa kuwa kile cha nyumba yetu ya mapadre kilitutaabisha majuma mawili mazima baada ya kubadilishiwa vihisi vyake.

Wengi hudhani kwamba chombo hiki ni cha juzi tu. La hasha! Hataza ya king'ora cha wezi cha umeme ilitolewa Marekani mwaka 1853 kwa Augustus Russell Pope, mchungaji wa Kanisa la Waunitaria huko Somerville, Massachusetts. Jina lake la ukoo kwa Kiingereza lina maana ya Papa, ingawa hakuwa Mkatoliki. Yeye alitandaza waya kwenye milango na madirisha. Kimoja kikifunguliwa, umeme ulipita na kengele ikalia. Mwaka 1857 Edwin Holmes aliinunua haki ya uvumbuzi huo na kuufanya biashara.

Vihisi vya siku hizi havingoji mlango ufunguliwe. Hivyo hungoja joto. Kila mwili wa mtu hutoa miale ambayo macho hayaioni. Lenzi ya plastiki iliyo usoni pa kihisi hukigawa chumba katika vipande vingi, mfano wa upepeo uliokunjuliwa. Mtu apitapo kutoka kipande kimoja kwenda kingine, joto linalofika ndani hubadilika ghafula, na kihisi huifungua swichi yake ndogo. Lenzi ya namna hiyo imetokana na kazi ya Mfaransa Augustin Fresnel, aliyeibuni mwanzoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya minara ya kuongozea meli. Chombo kilichobuniwa ili kuwaonya mabaharia leo huwaonya waliolala.

Vihisi vyetu vitatu vya zamani vilikuwa vimechoka, fundi akaweka vipya, akatuaga. Usiku ule ule, saa 8, king'ora kikalia. Majirani walitoka na tochi na marungu, wakaizunguka nyumba, wasione mtu. Tuliwashukuru, wakarudi kulala. Usiku wa pili walikuja tena. Usiku wa tatu walikuja wawili tu. Mara ya tano hakuja mtu yeyote.

Baada ya Misa ya asubuhi, mama mmoja mjane anayeishi ukuta kwa ukuta nasi, yeye na wajukuu zake, alitusalimu kwa heshima zote, kisha akasema, "Baba, tusifichane. Siku hizi king'ora chenu kikilia tunavuta shuka. Lakini najiuliza, siku mimi nikipiga yowe, si watu watadhani ni kile kile cha mapadre?"

Mzee wetu mlinzi naye alikuwa na neno lake. "Baba," alisema, "majirani wanaweza kulala. Mimi kikilia lazima nitoke gizani. Siwezi kujua kama ni mjusi au ni panga."

Wapendwa, maneno hayo mawili yalitufungua masikio. Mezani kulikuwa na shauri kwamba king'ora kizimwe ili watu wapate usingizi. Shauri hilo lilikuwa jepesi, lakini kuzima kungemwacha mzee peke yake, na kuacha kilie ovyo kungemwacha mama yule bila msaada siku ya haja. Njia iliyobaki ilikuwa ndefu zaidi: kutafuta chanzo. Kijana mmoja fundi umeme, mwanajumuiya wa Jumuiya Ndogo Ndogo iliyo jirani nasi, alijitolea kutusaidia. Kanuni yake ilikuwa moja: usiguse vitu viwili kwa wakati mmoja, kwa maana kikipona hutajua ni kipi kilichoponya.

Alianza kwa kusoma kumbukumbu za paneli, sanduku lile ambamo nyaya zote hukutana. Paneli huandika ni eneo gani lililoamsha king'ora na saa ngapi. Ikaonekana kwamba kelele zote zilitoka ujiani, daima usiku. Ikaonekana pia jambo ambalo hatukuambiwa: eneo la ofisi lilikuwa limerukwa, yaani paneli iliamriwa isilisikilize kabisa. Kwa hiyo ujia ulipiga kelele bure, na ofisi, mnamotunzwa vitabu vya ubatizo na vya ndoa, ilikuwa bubu.

Kisha akapima umeme kwa mita. Kwenye kila kihisi ilisoma volti 12 na ushei, na umeme wa nyumba ulipozimwa betri ya akiba iliubeba mzigo bila kuyumba. Basi kosa halikuwa katika nguvu.

Akafungua kihisi cha ofisi. Mwishoni mwa waya hutakiwa kuwepo kijiti kidogo kiitwacho rezista, chembamba kuliko njiti ya kiberiti. Paneli hupima kipimo chake muda wote: waya ukikatwa kipimo hubadilika, waya zikiunganishwa na mwizi hubadilika pia. Rezista ile haikuwemo. Ilikuwa imeondoka ndani ya kihisi cha zamani, nacho tulikikuta stoo katika boksi. Bila rezista paneli iliona hitilafu daima, na ndiyo maana eneo lile lilirukwa ili mfumo ukubali kuwashwa. Kijana alisoma kipimo chake, akaweka mpya ya kipimo kile kile, mwisho wa waya, ndani ya kihisi. Alitueleza kwamba ikiwekwa kwenye paneli taa zitaonyesha salama, lakini mwizi ataweza kuunganisha waya njiani pasipo kugundulika.

Ujiani alipanda ngazi, akakuta kihisi kipya ni kidogo kuliko cha zamani, na tundu la waya ukutani limebaki wazi nyuma yake. Wadudu waliingia humo, na mjusi kafiri aliwafuata wadudu. Kiumbe mdogo apitapo karibu kabisa na lenzi huonekana mkubwa kama mtu aliye mbali. Tundu likazibwa kwa silikoni, lenzi ikafutwa vumbi, na taa nyekundu ya kihisi ikazimwa.

Mwisho tulifanya jaribio la kutembea. Tulipita kila chumba, tukikatiza mbele ya kihisi, kwa sababu mtu anayekifuata uso kwa uso hugundulika kwa shida zaidi. Tulifanya hivyo asubuhi na tena mchana wa joto, kwani hewa ya chumba inapokaribia nyuzi 37 za mwili wa binadamu, kihisi hupungukiwa na cha kutofautisha. Ninyi mkaao Pwani zingatieni jambo hilo.

Hata hivyo, ukarabati ulikuwa haujakamilika. Rezista na silikoni vilirudisha ukweli wa king'ora. Imani ya majirani ilihitaji miguu yetu. Tulipita nyumba kwa nyumba, tukaeleza kilichokuwa kimeharibika na kilichotengenezwa. Mama yule alitusikiliza hadi mwisho, akasema, "Haya, Baba. Kikilia tutatoka. Lakini msituchezee."

Ndugu wapendwa, ulinzi wa nyumba hauko katika ukubwa wa sauti. Uko katika kusadikiwa kwa sauti hiyo. Mwenye king'ora na akijaribu kila mwezi, tena mchana, baada ya kuwaarifu jirani zake. Fundi akibadilisha vihisi, asiondoke kabla ya jaribio la kutembea, na aulizwe waziwazi kama kuna eneo lililorukwa. Kikilia bure, tafuteni chanzo siku hiyo hiyo, msingoje usiku wa tano. Na yule anayetoka gizani kwa ajili yenu, mlinzi au jirani, astahili kujua kwamba hamumwiti bure.

Tunawatakieni Dominika njema na usingizi wa amani.